Lenzi ya Fungu Tambare

Saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi. Chai iliyoletwa kwa Mtoro Mwinyimvua ilikuwa imepoa na kuota utando, na mwenyewe alikuwa hajaigusa.

Inspekta Mwantum Sadallah aliliona hilo kabla hajaketi. Chumba cha mahojiano cha kituo cha Kibiti kilikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha la nondo lililotazama barabara ya Lindi. Mtoro alikuwa ameweka mikono juu ya meza kama mtu anayesubiri kunawishwa. Alikuwa mlinzi wa mnara wa taa wa Fungu Tambare, kama baba yake na babu yake kabla yake. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa shtaka la kuiba lenzi ya mnara huo.

"Hunywi?"

"Nimefunga, afande. Leo Alhamisi."

"Aliyekuletea hajui kwamba hufunga Alhamisi?"

"Anajua. Ni shemeji yangu, Idrisa. Kasahau tu. Ana mengi ya kukimbilia kwa ajili yangu."

Mwantum alifungua jalada, ingawa yaliyomo aliyajua kwa moyo. Mnara ulijengwa juu ya mwamba wa fungu hilo, nje ya milango ya delta, zama za Wajerumani. Lenzi ililetwa kutoka ng'ambo ndani ya masanduku: kioo kikubwa kama pipa, kilichoundwa kwa vipande vyenye pembe tatu vilivyoshikwa na fremu za shaba. Taa ndogo ya mafuta ikiwekwa ndani yake, manahodha waliiona kutoka mbali kabisa. Siku hizi kazi hiyo ilifanywa na taa ya sola iliyofungwa kwenye roshani ya nje, na lenzi ilibaki chumbani juu, imefunikwa turubai, mlango umefungwa kwa kufuli.

Mwezi uliopita ofisa wa mambo ya kale, Bwana Ismaily, alikwenda kuukagua mnara kwa mara ya mwisho kabla haujatangazwa kuwa urithi wa kuhifadhiwa. Alivuta turubai. Chini yake palikuwa na dema, mtego wa samaki wa fito, uliosimamishwa wima ili turubai lisilegee. Katika maelezo yake Ismaily alisema kwamba bila lenzi, mnara ule ni lundo la mawe, na mpango wa kuuhifadhi usingeendelea.

Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mmoja. Hayo mawili ndiyo yaliyomleta Mtoro mahabusu.

"Shaba ya lenzi ilikatwa kwa msumeno," Mwantum alisema. "Vikonyo vimebaki ukutani. Wewe una spana ya kila nati iliyomo mle ndani."

"Ninayo. Aliiacha babu."

"Mwenye spana hakati kwa msumeno."

"Basi si mimi, afande."

"Basi ni nani aliyeshika ufunguo wako?"

Mtoro alitazama chai. "Sheria ya mnara, ufunguo hautoki mkononi mwa mlinzi."

"Sikukuuliza sheria. Kumi la mwisho la Ramadhani ulikuwa wapi?"

"Itikafu. Msikiti wa Salale. Sikutoka mpaka mwezi ulipoandama."

"Na ufunguo?"

"Ninao mimi tu."

"Tulipokukamata ulikuwa nao. Nauliza wakati ule."

"Ninao mimi tu," alirudia, kwa sauti ileile.

Mwantum hakuliandika hilo kama jibu, kwa sababu halikuwa jibu. Aliinuka.

Idrisa alikuwa akingoja kwenye benchi la mapokezi. Alikuwa mwembamba, kavaa kofia ya mkono, vidole vyake vyeusi kwa mafuta yasiyotoka kwa sabuni. Alikuwa fundi wa mashua, yeye pekee aliyebaki Salale, na tena mwenyekiti wa kamati ya kijiji ya kuhifadhi mnara. Ni yeye aliyeeleza, juzi, kwamba siku ya nne baada ya Idi alipanda mnarani pamoja na Mtoro kukagua paa, akainua pembe ya turubai, akaiona lenzi nzima. Mtoro alikubali kwamba walipanda. Alikuwa nje kwenye roshani akisafisha taa ya sola, na hakuona shemeji yake alichoinua. Kwa maelezo hayo ya Idrisa, wizi ulitokea baada ya Idi, wakati Mtoro alikuwa amerudi kazini.

"Kala?" Idrisa aliuliza.

"Kafunga."

"Lo! Alhamisi. Akili yangu haipo, afande." Alisimama, akasogea karibu, akashusha sauti. "Kuna jambo linanikaa kooni. Ni mume wa dada yangu, kulisema ni aibu. Mlipekua nyumba yake kijijini, sivyo? Lakini msimu huu hakuna mtu kijijini. Watu wote wako mashambani, kwenye madungu, wanalinda mpunga. Sisemi kitu kipo. Nasema mpekuzi akiacha dungu, hajapekua."

"Dungu lake liko wapi?"

"Ndani ya vijito, zaidi ya Salale. Bila mwenyeji mtapotea kwenye mikoko. Nitawapeleka mwenyewe. Bora nishike kisu mimi kuliko mgeni."

Konstebo Abbasi aliwasha gari. Jana yake alikuwa ameshinda Bungu, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu mtu mmoja alidai kuona shaba ikishushwa pale.

"Nimegeuza chakavu chote cha Bungu," alilalamika njiani, "nikapata pangaboi ya boti na mlango wa Landrova. Afande, leo tukikosa tena, nitaomba nihamishiwe usalama barabarani."

"Huko nako utageuza nini?"

"Nyuso za madereva."

Idrisa alicheka kwa adabu, kama mgeni.

Pale gati la Nyamisati walichukua boti ya faiba. Idrisa alikaa mbele akielekeza kwa mkono: kushoto, kulia, shika kijito chembamba. Mikoko ilisimama pande zote mbili, mizizi yake ikiwa ndani ya maji. Mwantum alitumia muda huo kumuuliza.

"Kama mnara ungetangazwa urithi, mpaka wa hifadhi ungefika wapi?"

"Fungu lote, nadhani."

"Nadhani au ndiyo?"

"Ndiyo. Lote."

"Wavuvi wa Salale hupiga dago pale fungu, wanaweka kambi msimu mzima. Wangehamia wapi?"

"Tulilizungumza kwenye mkutano. Mimi mwenyewe niliinua mkono kuunga mkono hifadhi. Maendeleo, afande, lazima mtu aumie kidogo."

"Na wewe mashua zako unawatengenezea akina nani?"

Idrisa alinyoosha mkono. "Shika kulia hapo."

Waliipita kona. Mwanga mkali ukampiga Abbasi usoni, ukaondoka, ukarudi. Aliinua mkono.

"Nani anatumulika?"

Kijito kilipanuka. Upande wa kulia mikoko ilikuwa imekatwa zamani, na mpunga ulienea mpaka msituni, masuke yameanza kuinama. Katikati lilisimama dungu, kibanda cha makuti juu ya nguzo ndefu. Kutoka dunguni kamba zilivutwa kila upande mpaka kwenye vijiti, na juu ya kamba hizo, kutoka mwanzo wa shamba mpaka mwisho, vipande vya kioo vilining'inia vikizunguka kwa upepo. Kila kipande kilirusha jua. Mwanga ulikimbia juu ya mpunga kama kundi la samaki. Hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Turudi," Idrisa alisema. "Maji yanapwa. Tutakwama hapa mpaka usiku."

Mwantum alitazama ukingo. Alama ya tope mbichi ilikuwa chini ya maji, na jani moja la mkoko lilikuwa likielea kuelekea ndani ya delta.

"Maji yanajaa," alisema. "Abbasi, funga boti."

Mwanamke alikuwa amekwisha kuwasikia. Alisimama ukingoni mwa sakafu ya dungu, kanga kiunoni, akachungulia, akaachia meno.

"Kaka! Mbona hukusema waja? Njoo uone vioo vyako vinavyofanya kazi! Kweleakwelea wamehamia kwa Hadija!"

Kutoka shamba la pili mwanamke mwingine, mtu mzima, alijibu kwa kelele bila kuacha kupiga debe lake: "Na nimekuomba viwili tu, Nasra! Viwili! Choyo chako utazikwa nacho!"

Mwantum alimtazama Idrisa: mkono wake ulikuwa bado umeshika ubavu wa boti, na vidole vilikuwa vimebana.

"Vioo vyako?" Mwantum alimuuliza.

"Sijui anasema nini, afande. Dada yangu amechanganyikiwa, mumewe yuko ndani."

"Abbasi, kaa na Bwana Idrisa hapa. Asishuke."

Alivua viatu, akashuka kwenye tope, akapita kwenye tuta jembamba la mpunga. Alishika kipande cha kwanza. Kilikuwa na pembe tatu, kirefu kama kiganja, kizito kuliko kilivyoonekana. Ubavuni palikuwa na ukanda wa shaba, na mwisho wa ukanda palikuwa na mikwaruzo ya msumeno. Hakikufungwa kwa uzi wa nyavu wala kwa ukindu. Kilifungwa kwa pamba iliyosokotwa, yenye mafuta. Aliinusa. Ilikuwa sifa, mafuta ya papa. Hiyo ilikuwa kalafati, pamba ambayo fundi hushindilia kati ya mbao za chombo ili kisivuje.

Nasra alishuka ngazi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Alipoziona nyota za begani, tabasamu lilimwisha.

"Umekuja kwa habari za Mtoro? Kafa?"

"Mzima. Kafunga Alhamisi yake. Bibie, vioo hivi umevitoa wapi?"

"Mume wangu yuko ndani kwa ajili ya kioo cha mnara, nawe waniuliza vya ndege?"

"Kioo cha mnara ulishakiona?"

"Mimi? Wanawake hatwendi fungu. Yeye husema kioo, kikubwa, cha thamani. Nami nawaza kioo kama cha kabati."

"Hivi alikupa nani?"

"Kaka Idrisa. Alivileta kwenye magunia mawili, vimefungwa pamba vizuri. Akasema ni vya boti ya watalii iliyovunjika, nimwekee darini, nisiguse. Vikakaa. Mpunga ulipotia maziwa, ndege wakashuka. Nimepiga debe mpaka bega likavimba, nimetundika makopo, nimetundika matambara, nimetundika mpaka shati la Mtoro. Kilichobaki dunguni ni magunia yale. Nikasema, kaka hatanigombeza kwa kuvitundika, si vitarudi? Hata pamba sikuitupa, nimeifanya kamba."

Mwantum aliielewa hesabu ya Idrisa na mahali ilipoharibika. Mtu aliyeficha kitu kwenye dungu msimu wa palizi alitegemea kitabaki kilipo mpaka polisi wakikute. Hakufikiri kwamba ndege wakishuka, mwanamke anayeamia shamba kuwafukuza hutundika kila kilichomo ndani, na anayetundika hadharani haonekani mwizi.

"Magunia yalikuja lini?"

"Ramadhani. Tulikuwa kwenye palizi."

"Mtoro alikuwa wapi?"

"Itikafu. Ndiyo maana hakuyaona yakija, na mimi nikasahau kumwambia. Dungu ni langu, yeye huja kulala tu."

"Nani mwingine aliyaona?"

"Hadija yule."

Hadija aliitwa. Alikuja na debe lake mkononi.

"Niliyaona? Mimi ndiye niliyeshikilia ngazi! Tumekaa na swaumu zetu, midomo mikavu, anafika huyo na magunia. Nikamwambia, Idrisa, umetuletea futari? Akasema vioo. Nikasema haya, leo tutafuturu kwa kujitazama."

"Ilikuwa kabla ya Idi? Una hakika?"

"Afande, baada ya Idi mtu hufuturu?"

Mwantum alipanda dunguni. Magunia mawili yalikuwa yamekunjwa, na ndani mlibaki pamba ya mafuta na unga wa shaba. Kipande cha katikati cha lenzi, cha mviringo, kinene, kilikuwa juu ya mtungi wa maji.

"Hicho nafunikia," Nasra alisema kutoka chini. "Kizito, nyani hawezi kukiinua."

Alishuka nacho, akakiweka juu ya kanga. Akamketisha Nasra kwenye daraja la chini la ngazi.

"Sikiliza vizuri. Hivi si vya watalii. Kilikuwa kioo kimoja, na hivi ndivyo vipande vyake."

Nasra alitazama shamba lake lote. Mwanga uliendelea kukimbia juu ya mpunga.

"Mtoro atafungwa," alisema. "Vimekutwa kwangu."

"Kaka yako ameeleza kwamba aliiona lenzi nzima mnarani siku ya nne baada ya Idi. Wewe na Hadija mnasema ilikuwa darini hapa kabla ya Idi. Na ni yeye aliyenielekeza leo nije nipekue dungu hili."

"Yeye?"

"Asubuhi hii. Ukinyamaza, magunia haya ni ya mumeo. Ukisema, ni ya kaka yako. Sina njia ya tatu ya kukupa."

Nasra hakulia. Alifungua kanga kiunoni, akaifunga upya.

"Baba alipokufa, Idrisa ndiye aliyekuwa walii wangu. Yeye ndiye aliyemshika Mtoro mkono mbele ya shehe, akasema nimekuoza." Aliinua uso kuelekea botini. "Mwite."

"Si lazima ukabiliane naye."

"Mwite, afande."

Idrisa aliletwa tutani, Abbasi nyuma yake. Alisimama mbali kidogo na kanga yenye kioo.

"Kaka, sema mbele yangu. Magunia ulileta wewe?"

"Nasra, usiingie mambo usiyoyajua."

"Nayajua. Nimeyatundika kwa mikono yangu. Ulileta?"

Idrisa alimgeukia Mwantum. "Sikuiba. Sikuuza hata kipande, wala sikukusudia kuuza. Vipo vyote hapo. Ningekuwa mwizi vingekuwa Dar zamani."

"Ulivitoa kwa nini?"

"Walipima mpaka. Fungu lote! Watu wa Salale wamepiga dago pale tangu enzi za mababu. Wanakausha samaki, wanatengeneza nyavu. Wakifukuzwa, nani atavua? Na asiyevua hahitaji mashua. Wewe umeona mkutanoni mtu akisimama kumpinga mgeni wa serikali? Nami sikusimama. Niliinua mkono. Lakini mgeni yule alisema kwa mdomo wake, chenye thamani ni lenzi. Nikasema, basi lenzi isiwepo. Mnara ungebaki, taa ya sola ingewaka, na watu wangevua."

"Na Mtoro?"

"Mtoro angetoka. Miezi michache. Kosa la kwanza, mtu wa dini, wangemhurumia."

"Hukuwa na haja ya kumtaja," Mwantum alisema. "Maelezo yako ya siku ya nne baada ya Idi ndiyo yaliyomnyima kinga ya itikafu. Magunia ungeweza kuyazamisha mtoni. Uliyapeleka kwa mkewe."

Idrisa aliinamia tope lililokauka miguuni mwake.

"Kama yasingekutwa kwa mtu, wangeendelea kutafuta," Nasra alimjibia, taratibu, kama anayesoma. "Wangekuja kwenye karakana yako. Wangenusa pamba. Ukaona bora vikutwe kwangu."

"Mimi ningekulea, Nasra. Wewe na watoto. Hamngelala njaa."

"Hadija," Nasra alisema bila kugeuka, "nishikie ngazi. Nataka kuvishusha."

Waliviteremsha vyote. Ndege wa kwanza walishuka upande wa msitu kabla hawajamaliza, na Hadija alipiga debe kwa mashamba mawili. Nasra alimwambia aache.

Saa kumi alasiri walikuwa Kibiti. Ismaily, aliyepigiwa simu, alivitazama vipande juu ya meza ya kituo, akasema vichache vimemegeka pembeni na fremu zitahitaji fundi, lakini lenzi inaweza kuunganishwa tena. Nasra alitoa maelezo yake, yakaandikwa, akasomewa, akatia sahihi. Hadija alikuwa ametoa yake palepale shambani, kwa sababu alikataa kuacha mpunga.

Mwantum alimwita Mtoro chumbani. Alimweleza kwa mpangilio: magunia, palizi, kumi la mwisho, pamba, msumeno. Hakuongeza neno. Kisha akauliza swali la asubuhi.

"Ufunguo ulikuwa wapi ulipokuwa itikafu?"

Mtoro aliivuta mikono yake kutoka juu ya meza.

"Bawaba za mlango wa chumba cha taa zilikuwa zimeliwa na kutu," alisema. "Alikuja msikitini, akakaa karibu nami, tukasoma juzuu moja pamoja. Akasema, nipe ufunguo nikutengenezee, ukitoka ukute mlango unafunguka kama mpya. Nikampa. Na kweli, mlango ulikuwa unafunguka kama mpya."

"Kwa nini hukunieleza?"

"Nilivunja sheria ya mnara mimi. Sikutaka naye aingizwe kwa kosa langu. Nilijua hana hatia."

"Aliyesema ukweli ni mkeo."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

Mtoro aliitikia kwa kichwa. Mbele ya Ismaily, aliyeitwa ndani, alitia sahihi fomu ya kuachiwa, akarudishiwa mkanda, saa na ufunguo. Ufunguo aliusukuma juu ya meza kuelekea kwa Ismaily, na Ismaily aliurudisha kwake.

Kituo kilikuwa na chumba kimoja cha mahabusu wanaume. Korido yake ni nyembamba. Anayetoka na anayeingia wakikutana, lazima mmoja asimame ukutani. Idrisa, akiwa ameshikwa na Abbasi, alisimama ukutani. Mtoro alipofika usawa wake, Idrisa alimtolea salamu kamili, ile ndefu, ya amani na rehema na baraka, ambayo kwa Mwislamu kuijibu ni wajibu, kwa sauti iliyosikika mpaka mapokezi.

Mtoro alipita. Mwantum, aliyekuwa mlangoni, na Abbasi, aliyekuwa karibu zaidi, wote wawili walieleza baadaye jambo moja: salamu haikujibiwa. Saa kumi na moja na robo Mtoro alimkuta mkewe nje ya kituo, na mlango wa mahabusu ulifungwa.